Nguo ya bei mbaya hainunuliwi saizi ya mwakani

Dada, hapana. Usilipe kwanza. Umeuliza kama kijana wako wa miaka 14 anunuliwe koti na raba za chapa kubwa, na kama ukikubali utakuwa umemharibu. Mimi nimekwama kwenye mstari uliouchomeka mwishoni: "Nikinunua nitachukua saizi mbili juu, si bado anakua." Hapo ndipo pesa inapozama.

Anakua, sawa. Ila mwili wa kijana haujai kama puto, pande zote kwa pamoja. Nyayo hutangulia, miguu na mikono hurefuka, kiwiliwili hufuata, na mabega hutanuka karibu na mwisho. Mvulana aliye kwenye kilele cha kukua, mara nyingi miaka 13 au 14, anaweza kuongeza hata sentimita 9 kwa mwaka. Wasichana huwahi, kama miaka miwili kabla.

Sasa mvike hilo koti. Leo mshono wa bega unaning'inia kwenye mkono, kwapa limeshuka, akinyoosha mkono juu koti zima linapanda naye. Mwakani mikono ya koti imemtosha, mabega bado hayajajaa. Siku mabega yatakapojaa, vifundo vya mikono viko nje. Yaani koti la bei ya juu kuliko yote kabatini, na halikupata hata msimu mmoja wa kumkaa. Usitegemee fundi. Kupunguza bega ni kufumua mkono mzima, kukata upya na kuurudisha, na koti likiwa na bitana na ujazo ndani, mafundi wengi watakurudishia hivyo hivyo. Wana haki.

Raba ni balaa zaidi. Namba za Ulaya hupishana takriban milimita 6.7, kwa hiyo namba mbili ni zaidi ya sentimita 1.3. Ongeza ile nafasi ya kawaida ya sentimita 1 mbele ya kidole kirefu: mtoto anatembea na hewa ya sentimita 2 na kitu. Kisigino kinateleza na kutoa malengelenge. Kiatu nacho hakikunjiki pale wayo unapokunjika. Mkunjo unaangukia juu ya vidole na ngozi ya kiatu huanza kupasuka hapo. Wayo ukishafika, soli imelika na povu la ndani limelala.

"Basi nitazificha mpaka zimtoshe." Mbaya zaidi! Baadhi ya raba zina povu la poliyurethani, aina ya plastiki, katikati ya soli, na povu hilo huharibiwa na unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa. Kikae kwenye boksi miaka kadhaa, siku ya kukivaa soli inameguka njiani. Mpya kabisa, na lebo juu.

Na hawa wauzaji wanaosema "chukua kubwa mama, huu ni uwekezaji"! Uwekezaji wa nani? Kikubwa kikiwa kimebaki dukani, lazima kipate mtu wa kukibeba, na mzazi mwenye hofu ya bei ndiye anayebebeshwa. Wanaojiita washauri wa mitindo nao wanakuambia pana ndiyo inayovaliwa sasa. Nguo iliyokatwa pana kwa makusudi bado ina bega lililopigiwa hesabu. Saizi mbili juu ni nguo ya mtu mwingine. Mtasema nina uchungu. Ninao, na sina risiti ya kuurudishia.

Kanuni yangu ni hii moja: cha bei kubwa kinunuliwe kwa mwili wa leo, au kisinunuliwe. Ukitaka nafasi ya kukulia, iweke kwenye nguo za bei ndogo, kaptula za mazoezi na fulana, zile ambazo zikikosea haziumi.

Mpime jioni, maana miguu huvimba kidogo kutwa. Asimame juu ya karatasi akiwa na soksi atakazovalia, uchore nyayo zote mbili, utumie iliyo ndefu. Koti alivae kulijaribu akiwa na sweta ndani. Mshono wa bega uishie kwenye ncha ya mfupa. Kisha gawanya bei kwa mara atakazolivaa kweli kabla halijambana, si kwa miaka unayoiota. Hapo koti nyingi hujikataa zenyewe. Suruali ya kitambaa ina nafuu: ikiwa na sentimita 3 au 4 zilizokunjwa ndani ya pindo, fundi anaishusha. Jinzi za kiwandani pindo lake ni jembamba, na ukilifumua linabaki na mstari uliopauka.

Nembo nayo iangalie. Iliyobandikwa kwa joto hupasuka haraka nguo ikifuliwa kwa maji ya moto au kupigwa pasi juu yake. Ya kutariziwa huvumilia.

Kuhusu kumharibu, sijui, huenda wenye subira watakujibu vizuri. Mimi ningelipa bei ya koti la kawaida lenye ubora ule ule, tofauti ya nembo aitoe kwenye akiba yake, tuone kiu itabaki kiasi gani.

Na kabla hujalipa, uliza wanapokea kurudisha kwa siku ngapi. Lebo isikatwe, raba zijaribiwe ndani juu ya zulia tu. Soli ikishagusa lami, hizo si za duka tena, ni zako.