Fundi Anajibu: Dirisha Linatoka Jasho

SWALI: Habari za kazi Fundi. Binti yangu yuko Leeds, Uingereza, anasoma, na hii ndo winta yake ya kwanza. Kila asubuhi ananitumia picha, dirisha la chumbani limelowa kwa ndani maji yanachuruzika, na sasa pembeni ya fremu na nyuma ya kabati ukuta umeanza kuwa mweusi. Mwenye nyumba anasema eti mtoto hajui kuishi. Mimi nilimwambia azibe kila tundu baridi isiingie, akaziba na tepu, ndo kwanza mambo yamezidi. Shida ni nini? *Mama mtu, Tabata*

JIBU: Mama, mwambie hiyo tepu aitoe leo leo. Ulimshauri kama mzazi yeyote ambavyo angeshauri ila hapo ndo kazi ilipoharibika.

Hayo maji hayatoki nje, hata kama huko mvua inanyesha wiki nzima. Yanatoka humo humo chumbani, anapumua usiku kucha, anaoga maji ya moto mlango wa bafu wazi, anachemsha maharage sufuria haina mfuniko, afu anafua na kuanika nguo juu ya hita. Hizo nguo peke yake, za mashine moja, zinaweza kuachia kama lita 2 za maji hewani. Sasa hewa ya joto inabeba maji mengi na ya baridi inabeba kidogo: ya nyuzi 20 inaweza kubeba mpaka kama gramu 17 kwa kila mita ya ujazo, ya nyuzi 0 inabeba kama gramu 5 tu basi. Kwahiyo ile hewa ya chumbani ikigusa kioo cha baridi inashindwa mzigo, inautua pale pale, kama chupa ya soda ukiitoa kwenye friji. Chumba kikiwa nyuzi 20 na unyevu asilimia 60, chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 12 kinalowa. Kioo kinatangulia, zinafuata kona za ukuta wa nje na huko nyuma ya kabati ambako hewa haizunguki, na ndo maana kuvu imeanzia huko.

Watu wa Dar hapa tunachanganyikiwa kwa sababu sisi hewa ya nje ndo imejaa maji, masika ukifungua dirisha nguo kabatini zinanuka uvundo. Kule winta ni kinyume. Hewa ya nje hata ikiwa na ukungu imebeba maji kidogo sana, akiiingiza ndani ikapata joto inakuwa kavu kabisa na inaanza kunyonya. Kwahiyo afungue dirisha kweli kweli dakika kumi hivi akiamka na akimaliza kuoga au kupika, afu afunge. Haitaua joto, kuta zinabaki na moto wake. Na aangalie juu ya fremu, madirisha mengi ya kule yana kijitundu chembamba chenye kifuniko cha kusogeza, kimewekwa makusudi hewa ipite, nahisi ndo hicho alichokipiga tepu.

Mengine: hita iwake kidogo kidogo muda mrefu, sio azime kutwa nzima afu usiku aiwashe mpaka mwisho. Kabati na kitanda visogezwe kidogo kutoka ukuta wa nje. Maji ya dirishani afute asubuhi na kitambaa akikamulie kwenye sinki, sio akakiweke kwenye hita kikauke, maana hapo amerudisha maji yale yale hewani. Na hita za mtungi wa gesi asinunue, gesi ikiungua inatoa mvuke, kilo 1 inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. (Hata huku, mtungi wako wa kilo 6 mpaka uishe umemwaga zaidi ya lita 9 jikoni, ila sisi madirisha yetu ni wavu, hatujali.)

Ile nyeusi aifute na jiki iliyochanganywa na maji, avae glavu, dirisha wazi. Asichanganye jiki na siki wala na dawa nyingine ya usafi, inatoa gesi mbaya ya kifua.

Kuhusu mwenye nyumba, asikubali kirahisi hivyo. Feni ya bafuni kama haivuti ni kazi yake, na doa likiwa kwenye dari au sehemu moja tu inayozidi kila mvua ikinyesha, hiyo ni kuvuja. Apige picha, amwandikie kwa maandishi, simu haina ushahidi. Wenzetu wameshaumia na haya mambo: mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki mwaka 2020 huko Rochdale kwa sababu ya kuvu ndani ya nyumba waliyopanga, na mpaka ikatungwa sheria yenye jina lake, ingawa imeanza na nyumba za kijamii (za halmashauri na mashirika, za kodi nafuu), sio za wapangishaji binafsi kama wake. Binti akianza kukohoa au kubanwa kifua aende kwa daktari, asisubiri winta iishe.

SWALI: Mambo Fundi, kwangu dirisha linalowa kwa NJE nikiwasha AC usiku. Fundi aluminiamu anataka nibadilishe vioo vyote. Nimpe kazi? *Kijana, Kigamboni*

JIBU: Usimpe. Ni ile ile ya Leeds imegeuzwa, safari hii baridi iko ndani na hewa yenye maji iko nje. Unaweka ngapi, 18? Weka 25 au 26, jasho litapungua na Luku itakushukuru. Na AC ikiwaka funga madirisha yote, wewe sio wa Leeds. Ukiona maji yanadondoka kutoka kwenye AC yenyewe kwa ndani, bomba lake la kutoa maji limeziba, ita fundi AC alizibue.

SWALI: Fundi shikamoo. Chini ya ukuta rangi inabanduka na kuna unga mweupe. Nimepaka rangi upya na bado. *Mpangaji, Sinza*

JIBU: Marahaba. Acha kununua rangi kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote na tepu, kaa nacho siku mbili. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, yanatoka ndani ya ukuta, na yakiwa chini hivyo mara nyingi yanapanda kutoka ardhini, na huo unga ni chumvi inayobaki maji yakikauka. Hapo angalia karo, gata linamwaga wapi, na kama udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu yako. Yakitokea mbele, upande wa chumba, ni hewa, fungua dirisha na usogeze kochi. Ikiwa ni ya ardhini mwite mwenye nyumba aione hiyo nailoni kabla hujaibandua, lipu ya chini ibomolewe ipigwe upya yenye dawa ya kuzuia maji, na hiyo gharama ni yake.