Barua kwa mwanangu aliyeko Newala

Mwanangu mpenzi,

Waalaikum salaam warahmatullah. Ujumbe wako umenifika. Unasema tangu umpate huyu wa pili Msahafu unakaa juu ya kabati, swala unaiswali mtoto kakukalia mgongoni, na msimu huu wa korosho ukitoka shamba ni kupika, kuosha, kulala. Ukauliza: "Mama, sisi tunaoshinda jikoni tunamwona Mungu wapi?"

Humo humo jikoni, mwanangu. Usingoje nafasi, haitakuja mpaka wakue. Chukua kazi unayoifanya kila siku, uifunge jina Lake.

Mtoto wa mgongoni usimfungie mlango. Mtume (s.a.w.) aliswali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab: akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba. Na akisikia kilio cha mtoto aliifupisha swala kwa kumwonea huruma mama yake. Cha kufupisha ni sura, soma Ikhlas inatosha. Rukuu na sijda usizikate. Ngoja mgongo utulie, useme tasbihi yako mara 3 pole pole. Epua chungu kabla ya kuhirimia, yaani kabla ya takbiri ya kuanza swala, maana moyo ukibaki mekoni mwili unainama peke yake. Na kwa kuwa huko juu maji ni ya taabu, kumbuka Mtume alitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita. Kopo moja, umimine kidogo kidogo.

Kwenye sinia pana somo zima. Umar bin Abi Salama alikuwa kijana mdogo katika malezi ya Mtume, mkono wake ukizunguka sahani nzima. Aliambiwa: taja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Basi, hakukemewa wala kutishwa moto. Nawe mwanao mkubwa ukimwona anachokoa samaki upande wa mwenzake, mwambie hayo matatu kwa sauti ya chini. Akisahau Bismillahi mwanzoni, aseme "Bismillahi awwalahu wa akhirahu" pale alipokumbuka. Wazazi wengi hapa huharibu: wanamfanya Mungu fimbo ya mezani, mtoto anakua akisikia jina Lake anajikunyata. Mtajie Mungu wakati anamenya ming'oko, vile viazi pori vyetu, ya moto na kucheka, si wakati amemwaga mchuzi tu.

Sasa uchovu. Bibi Fatima, binti wa Mtume, mikono ilimuuma kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta. Usiku Mtume akaja, wao wameshalala, akaketi kati yake na mumewe Ali, hata Ali akasikia ubaridi wa miguu yake kifuani. Akawaambia lililo bora kuliko mtumishi: mnapolala semeni Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Baba alikuja mpaka kitandani kwa binti aliyechoka, mwanangu. Lishike hilo.

Hesabia kwenye vidole vya mtoto anaponyonya. Kila kidole kihesabie pingili tatu, na gumba pia ukianzia shinani kwake: mikono miwili ni 30, ongeza kidole kimoja ni 33, ya Allahu Akbar zidisha pingili moja. Hesabu ikipotea shika ile ndogo uendelee, usianze upya. Siku za hedhi swala haipo, hili lipo.

Anza na hilo moja tu, mwezi mzima, ndipo uongeze. Wanaobeba kumi siku ya kwanza ya Ramadhani, Mfunguo Mosi hawana hata moja, na Mtume alisema amali impendezayo zaidi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa chache.

Nisalimie baba watoto. Mwambie Bibi Aisha aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani kwake, akajibu: alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Basi magharibi ya leo mtoto ashike yeye, wewe utawadhe.

Mama yako,
Mikindani