Kwa mnaoanza benchi ya malaria maabara: andikeni mlichokiona

Daftari la BS (slaidi za damu) limejaa tena "hana malaria". Wadogo zangu, slaidi haijui hayo.

1. Andika "hakuna vimelea vilivyoonekana", kisha idadi ya fildi (maeneo yanayoonekana kwenye hadubini) ulizosoma. Kwenye tone nene la damu, kwa lenzi ya 100, fildi 100 ndicho kima cha chini. Foleni ikirefuka mnasoma 30 na kuachia majibu, na vimelea vichache hukaa palepale msipofika.

2. Hili tuliokaa benchi wote tumelikosea. Mtoto ana homa, daktari kaandika "?malaria", mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ina mistari miwili, yaani chanya. Ukiinamia hadubini umeshaamua, unatafuta wa kukuunga mkono tu. Doa moja la zambarau, unaandika chanya. Kumbe ni takataka za Giemsa, rangi ya kupakia slaidi, iliyochanganywa asubuhi ikatumika hadi jioni bila kuchujwa. Mtoto anapewa ALu, dawa ya malaria, kumbe ana nimonia nayo inaendelea, na hakuna atakayerudi benchi kukwambia ulikosea. Ndiyo maana kosa hili halituchomi, tunalirudia.

Kimelea kina rangi mbili: kiini chekundu na saitoplazimu ya bluu. Takataka ina rangi moja, huonekana vizuri ukipandisha fokasi kidogo, na utaikuta hata pasipo na damu. Hiyo mRDT ya HRP2 (inayosaka protini ya kimelea) nayo hubaki chanya wiki kadhaa baada ya dawa, kwa hiyo ulizeni mtoto kameza nini mwezi huu. Ukibaki na shaka, mwite msomaji wa pili na ufunge mdomo. Ukisema "hebu tazama hii ringi (kimelea kichanga)", utasomewa jibu lako mwenyewe.

3. Vimelea 12 kwa chembe nyeupe 200 ni 12 × 8000 ÷ 200, yaani 480 kwa mikrolita. Ile 8000, chembe nyeupe kwa mikrolita, ni ya kudhania. FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ikionyesha 4000, jibu ni 240. Na ukihesabu vimelea 9 tu, bahati peke yake inaweza kukuyumbisha kwa 3 hivi, juu au chini. Ukipata vimelea chini ya 100 kwa chembe 200, endelea hadi chembe 500, kisha gawa kwa 500.

4. Slaidi mbovu irudishwe, usiikisie.

5. Daktari akipiga simu, "Ni malaria au siyo?", msitetemeke. "Dokta, fildi 200, rangi nzuri, sijaona kimelea. Homa ikiendelea nitolee damu nyingine baada ya saa 12." Atanung'unika. Damu italetwa.