Maji kwenye ala ya kano
SWALI: Shkamoo dokta, punda wangu wa mkokoteni huku Kisesa kavimba nyuma ya mguu juu ya kwato, bwana mifugo kasema ala ya kano imejaa maji, sasa yanatoka wapi?

JIBU: Marahaba. Ala ni mfuko unaoizunguka kano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa, farasi nae anayo hivohivo, na ukuta wake ukiuangalia kwenye hadubini una utando mwembamba mno wa seli, safu 1 hadi 4 tu, hauna hata tabaka la msingi chini yake ndo maana maji ya damu yanapenya kirahisi toka kwenye vimishipa. Seli zingine zinakula taka, zingine zinatengeneza ute wa kuteleza, kazi nzuri sana ile! Bursa, yaani kifuko kingine kidogo cha ute, imejengwa hivohivo ila inakaa kati ya kano na mfupa. Usimtoboe nakuomba, bakteria wakiingia mguu umeharibika. Mpumzishe, akichechemea muite dokta sikuhiyohiyo.