Muulize Kocha: Nivae jezi au nishike filimbi?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Nina miaka 33, nacheza kiungo katika timu ya mtaani kwetu, Maweni, hapa Malindi. Kocha amehamia Mombasa, na wazee wa timu wanataka nimrithi huku nikiendelea kucheza. Hawa wenzangu nimekua nao, mmoja ni shemeji yangu. Nitaweza kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenikumbusha Kenny Dalglish. Mwaka 1985, siku moja tu baada ya maafa ya uwanja wa Heysel, Ubelgiji, yaliyoua watu 39, Liverpool ilimtangaza kuwa kocha naye bado mchezaji, miaka 34. Bob Paisley, kocha wake wa zamani, akawekwa karibu naye awe mshauri. Lakini ninachompendea zaidi ni kwamba aliweza kujiacha nje. Msimu ule, katika mechi 42 za ligi, alicheza kama nusu tu. Tarehe 3 Mei 1986, ugenini kwa Chelsea, akautuliza mpira kifuani, akafunga: 1-0, ubingwa. Wiki iliyofuata wakaipiga Everton 3-1 wakabeba na Kombe la FA.

Mimi nilipokuwa kocha mchezaji nilianza kuandika jina langu, wengine wakafuata. Fainali yetu ilikuwa pale Alaskan, jua la saa tisa, na paja lilinikaza kipindi cha kwanza hakijaisha. Kijana wa benchi akawa anapasha misuli moto mbele yangu, ananitazama. Nikageuza uso. Bao tulilofungwa lilipita upande wangu. Yule kijana hakurudi mazoezini. Leo tukikutana sokoni hunisalimia kwa adabu, nami naona haya vilevile.

Basi kubali, ila mtafute mtu mzima anayeujua mpira na asiyekuogopa, akae benchi, na yeye ndiye aamue lini utoke. Litamke hilo mbele ya timu nzima. Shemeji ukimwacha nje, mwambie nyumbani mapema, asije akalisikia uwanjani mbele za watu. Kozi ya leseni ya CAF D, ile ya shirikisho la soka Afrika kwa makocha wanaoanza, ikitangazwa, jiandikishe. Na usiubebe mzigo peke yako: Dalglish alitwaa ligi tena 1988 na 1990, lakini Februari 1991 aliacha kazi, kachoka kabisa.

Mechi yenu ya kwanza, anzia benchi.