Tyuna otomatiki ya antena: pa kuifunga, namna ya kuitumia, na inapokosea

Mita ya redio yako ya ridhaa inasoma SWR ya 1.2 (kipimo cha mawimbi yanayorudi badala ya kwenda antena; 1.0 ndiyo kamili), wati zote 100 zinatoka, na bado ukiita kwenye bendi ya mita 20, karibu na 14 MHz, hakuna anayejibu. Hali hii huwakuta wengi wanaonunua tyuna otomatiki wakidhani imekuja kuirekebisha antena. Tyuna huibadili impidansi (ukinzani dhidi ya mawimbi ya redio) inayoikuta pale ilipofungwa iwe karibu na omu 50, ili redio isijipunguzie nguvu kwa kujilinda. SWR iliyomo kwenye kebo, kati ya tyuna na antena, inabaki ile ile kama tyuna isingekuwepo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza ununue tyuna gani, jiulize utaifunga wapi.

Ukifungua kasha utakuta koili kadhaa, kapasita kadhaa, rilei za kuziingiza na kuzitoa, kipimo kidogo cha SWR, na chipu inayoamua. Kwenye ATU-100, bodi ambayo mafundi wengi huinunua ikiwa vipandevipande na kuilehemu wenyewe, koili ni 7 na kapasita 7, kila moja ikiwa takriban mara mbili ya iliyoitangulia. Hapo unapata hatua 128 za koili na 128 za kapasita, na rilei moja zaidi huamua kapasita zikae upande wa redio au upande wa antena. Jumla ni michanganyiko 32,768. Ule mtatariko unaousikia ukibonyeza kitufe ni chipu ikitafuta mchanganyiko unaofaa. Tyuna zenye kumbukumbu huuhifadhi pamoja na masafa yake, ili ukirudi hapo baadaye isianze kutafuta upya.

Nguvu hupotelea kwenye kebo

Chukua mita 30 za RG-58, kebo nyembamba ya koaksi ambayo wengi huanza nayo. Kwenye 14 MHz, antena ikiwa inalingana na omu 50, kebo hiyo hula kama desibeli 1.5. Sasa iwekee antena yenye SWR ya 10. Mawimbi yanayokataliwa na antena yanarudi ndani ya kebo ile ile, yanapungua, tyuna inayarudisha tena kule yalikotoka, yanapungua tena. Hasara yote inafika kama desibeli 4.5. Katika wati 100, zinazoifikia antena ni kama 35. Na ukiiondoa tyuna ukapima mezani, mita haitasoma 10. Itasoma chini kidogo ya 4, kwa sababu kebo imekwishakula sehemu ya mawimbi yanayorudi. Kadiri kebo inavyokuwa mbovu, ndivyo usomaji unavyopendeza.

Fanya jaribio hili ulione jambo lenyewe. Chomoa antena, acha mwisho wa kebo hiyo ya mita 30 wazi, kisha tuma wati 5 kwenye 28 MHz. SWR itaonekana iko chini ya 4, na tyuna nyingi zitaishusha hadi 1.5 au chini yake bila shida yoyote, ilhali antena haipo kabisa. Kwa hiyo usomaji mzuri wa mezani usiuchukue kama ushahidi kwamba nguvu imefika hewani. Ushahidi ni mapokezi kuongezeka mara tyuna inapomaliza, na ripoti za vituo vya mbali.

RG-213, iliyo nene zaidi, katika mfano huo huo wa SWR ya 10 ingefikisha kama nusu ya nguvu. Ni afadhali, lakini bado nusu nyingine inapasha kebo moto. Dipoli, yaani antena ya waya inayolishwa katikati, iliyokatwa kwa bendi ya mita 40 ukiilazimisha kwenye bendi ya mita 20 iko katika hali mbaya zaidi, kwani pale katikati, waya unapolishwa, impidansi inakuwa maelfu ya omu, na hakuna koaksi inayoistahimili hali hiyo bila hasara kubwa. Ukitaka dipoli moja ifanye bendi nyingi, ilishe kwa kebo ya ngazi ya omu 450 (nyaya mbili sambamba zilizotenganishwa), kisha balun ya kuiunganisha na tyuna iliyo karibu na dirisha, na kipande kifupi tu cha koaksi kwenda kwenye redio. Kebo ya ngazi haina hasara ya kutisha hata SWR ikiwa kubwa. Usiilaze tu juu ya bati wala kuibana kwenye nguzo ya chuma.

Tyuna iliyojengwa ndani ya redio nyingi za wati 100 hulinganisha hadi SWR ya 3, yaani kati ya omu 16.7 na 150. Imewekwa kwa ajili ya pembe za bendi: dipoli iliyokatwa kwa 3.65 MHz kuifikisha 3.5 na 3.8. Kwa kazi hiyo inatosha na haihitaji nyongeza. Ukifunga tyuna ya nje, zima ile ya ndani. Zikifanya kazi zote mbili kwa mfululizo, ya nje inapima huku ya ndani ikibadilisha, na utakachopata ni rilei zisizonyamaza.

Waya mmoja, tyuna chini yake

Kwa mwenye uwanja mdogo, ushauri wangu ni tyuna ya nje ya nyumba, kwenye kasha lisiloingiza maji, chini ya waya mmoja. Koaksi inayokuja kutoka ndani inakuwa na SWR ndogo, na upotevu wote ule niliouhesabu juu unabaki mdogo. Icom AH-4, kwa mfano, imetengenezwa kwa mtindo huu hasa: waya wa mita 7 au zaidi huifikisha kuanzia 3.5 hadi 54 MHz.

Urefu wa waya si wa kubahatisha. Kinachotakiwa kukwepwa ni nusu ya urefu wa wimbi na vizidisho vyake, kwa sababu hapo impidansi inapanda hadi maelfu ya omu na tyuna inashindwa. Gawanya 143 kwa masafa ya MHz upate nusu wimbi kwa mita. Kwenye 7.1 ni mita 20.1; kwenye 14.2 ni 10.1, 18.1 ni 7.9; 21.2 ni 6.7, 24.9 ni 5.7, na 28.5 ni 5.0. Andika vizidisho vya kila bendi unayoitaka, kisha chagua urefu ulio mbali navyo. Mita 12.5 hupita vizuri kuanzia bendi ya mita 40 hadi ya mita 10, na ningeanza na hiyo. Mita 20, ambayo mtu huikata kwa sababu namba yake ni nzima, ndiyo mbaya kuliko zote: inakwama kwenye bendi za mita 40, 20, 15 na 10 kwa pamoja.

Waya huo ni nusu tu ya antena. Nusu nyingine ni ethi, yaani muunganiko na ardhi, na hapa ndipo penye upungufu mara nyingi. Fimbo moja ya shaba iliyopigwa ardhini husaidia kwa usalama, lakini kwa mawimbi ya redio haitoshi. Tandaza nyaya 4 hadi 8 za mita 5 hadi 10 juu ya udongo kuanzia kwenye skrubu ya ethi ya tyuna, zikitawanyika kila upande unaowezekana. Zikilala ardhini urefu wake hauna haja ya kuwa kamili. Wingi ndio wenye faida. Nyumba ya bati inaweza kutumika kama ethi, kwa masharti: mabati yashikane kweli kwa skrubu safi. Maungio yenye kutu hufanya kazi kama dayodi, yakatengeneza masafa ya ziada unapotuma na makelele unapopokea.

Mahali koaksi inapoingia kwenye tyuna, weka choki: mizunguko 11 au 12 ya RG-58 kwenye pete ya feraiti FT240-43. Bila choki, ganda la nje la koaksi linageuka sehemu ya antena na kuingiza mawimbi ndani. Dalili zake ni maiki inayouma mdomo, kompyuta inayojizima unapotuma, na SWR inayobadilika ukiigusa redio.

Fahamu pia volti zilizopo. Wati 100 kwenye omu 3,000 ni volti 548, na kilele chake kinafika kama 775. Waya huo unatoka kwenye tyuna kupitia kihami cha kauri au plastiki nene, mbali na bati, na juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika. Upande wa pili wa hatari ni impidansi ndogo: wati 100 kwenye omu 5 ni ampea 4.5, na hapo koili ndizo zinazopata moto. Waya mfupi sana kwenye bendi ya chini, kama mita 7 kwenye 3.5 MHz, hutyuni vizuri, lakini sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuwa joto kwenye koili na ardhini.

Namna ya kutyuni

Sikiliza kwanza. Uliza kama masafa yanatumika, au tuma QRL, kifupi cha swali hilo hilo, kwa msimbo wa Morse, na ukipata jibu sogea kilohezi kadhaa. Shusha nguvu hadi wati 5 au 10. Weka redio kwenye CW (njia ya Morse), FM au RTTY (maandishi), kwa sababu SSB, njia ya kawaida ya sauti, haina wimbi la kudumu; sauti yako inapanda na kushuka na kipimo cha tyuna kinasoma namba zisizotulia. Bonyeza kitufe, ngoja sekunde chache, angalia SWR. Chini ya 1.5 inatosha, na hakuna faida ya maana kuikimbiza hadi 1.0. Taja alama yako ya wito, kisha ndipo upandishe nguvu.

Kutyuni kwa wati 100 ndiko kunakoua tyuna nyingi. Rilei ndogo za ndani zinastahimili mkondo zikiwa zimekwishafunga, lakini zikifungua na kufunga huku nguvu kubwa inapita, cheche inaruka kati ya ncha zake na kuziunguza, au kuzigandisha kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo usiiache tyuna ianze kujityuni yenyewe katikati ya maongezi. Ikiwa ina uwezo huo, uzime.

Tyuna pia haijui mipaka ya bendi. Sisi Afrika tuko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, na bendi ya mita 40 inaishia 7.2 MHz. Tyuna itakubali kwa furaha kwenye 7.25, mahali palipo na redio za matangazo, na wa kujibu kwa mamlaka iliyokupa leseni ni wewe.

Kwa FT8, njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta, soma namba ndogo kwenye kitabu cha maelekezo. Tyuna iliyoandikwa wati 125 inaweza kuwa ya wati 30 tu kwa njia za kidijiti. LDG Z-100 Plus iko hivyo. FT8 hutuma nguvu kamili kwa karibu sekunde 13 katika kila kipindi cha sekunde 15 unachotuma, wakati sauti ya SSB ina mapumziko mengi. Ukigusa kasha ukakuta lina joto, shusha nguvu.

Ikigoma

Anza na mzigo bandia, yaani rezista ya omu 50, mahali pa antena. Tyuna nzima itafika karibu na 1.0 haraka, karibu bila koili wala kapasita. Isipofika, ubovu uko kwenye tyuna au kebo fupi inayotoka kwenye redio, na plagi za PL-259 ndizo za kukagua kabla ya kitu kingine. Risasi isiyoshika vizuri kwenye ganda ni ugonjwa wa kawaida. Ikifika kwenye mzigo bandia lakini ikagoma kwenye antena kwa bendi moja tu, ongeza au punguza waya kwa mita moja, au ongeza mita 2 za koaksi kama tyuna iko mezani, ili impidansi inayoonekana ihame. Ikigoma bendi zote, waya au ethi imekatika.

Ikitatarika bila kikomo, angalia umeme wa kuilisha. Volti 12 za betri iliyochoka zinashuka chini ya 11 unapotuma, na rilei hazishiki. Ikiwa SWR inaruka ghafla kwenye mchanganyiko ule ule, ukagonga kasha kwa kidole ikarudi, hiyo ni rilei iliyoungua ncha. Ibadilishe kwa ya aina ile ile, yenye volti ile ile ya koili.

Mvua na chumvi vina sheria zao. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, chumvi inaingia hata kwenye kasha linalodaiwa kuziba. Toboa tundu dogo chini ili jasho la ndani litoke, na paka grisi ya silikoni kwenye skrubu za ethi. Kando ya Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi mno, chomoa koaksi na waya wa umeme wa tyuna kila unapomaliza, uviache nje ya nyumba. Waya wa antena usioshikana na ardhi hujikusanyia chaji hata mawingu yakiwa mbali. Rezista tatu za kilo-omu 330 za wati 2, zikiunganishwa mfululizo kati ya waya na ethi, huiteremsha polepole bila kuathiri kutyuni. Na baada ya masika, au ukishabadilisha chochote kwenye waya, futa kumbukumbu za tyuna na uzijaze upya bendi kwa bendi, kwa wati 10.