Re: Makundi ya mikopo kwenye mfumo wa kompyuta wa saccos (chama cha akiba na mikopo), kila zao liwe na kundi lake?

Mkuu hapana, usifungue kundi la kahawa, la mpunga, la viazi, mtajikuta na makundi thelathini na ripoti hazisomeki. Kundi lipange kwa jinsi hela inavyorudi. Mkulima wa Mbozi anapata hela ya kahawa akishauza, wa Mbarali akishavuna mpunga, wote hao ni mkopo wa msimu, marejesho mara moja au mbili baada ya mavuno, sasa ukiwaweka kwenye kundi moja na mwalimu anayekatwa kwenye mshahara kila mwezi mfumo utawasoma wamechelewa kuanzia mwezi wa kwanza na meneja ataanza kuwapigia simu watu ambao hawana kosa kabisa, inauma sana hiyo.

Kwa hiyo makundi machache tu: msimu, mshahara, biashara, dharura. Ndani ya kila kundi ndo unaweka bidhaa zenyewe, yaani aina za mikopo mnayotoa, na kila bidhaa ina riba yake, muda, kiwango cha juu, wadhamini wangapi, fomu gani. Riba weka wazi kama inapigwa kwenye salio linalopungua (deni lililobaki) au kwenye mkopo wote wa mwanzo, hapo ndo ugomvi na wanachama unapoanziaga. Zao liwe sehemu ya kujaza kwenye fomu ya maombi, utachuja ripoti kwa hiyo.

Bidhaa ya zamani usiifute, izime tu isipokee maombi mapya, maana kuna mikopo bado inalipwa humo.